Salongo ya Syllabus

Nsimire mwanangu,

Umekwenda Katana kumuaga koko, bibi yako, na najua koko hakuachii mapema. Atakupikia, atakuombea, kisha atakupikia tena. Basi nimekaa mezani niandike, kwa sababu maneno haya yakipitia mdomoni mwangu yanageuka ugomvi, na sitaki kesho uvuke ziwa kwenda Goma tukiwa tumenuniana.

Ya kula, ya kuvaa, ya kufunga mlango na ya kuchagua marafiki sikuandikii. Kama hukuyashika miaka yote uliyokaa ndani ya nyumba hii, karatasi haitakusaidia. Nakuandikia juu ya swali uliloniuliza juzi tulipokuwa tunachambua maharagwe. Uliinamisha macho kwenye sinia ukasema, "Maman, si uwaombe tu pardon, maneno iishe?"

Niliendelea kuchambua, ukadhani nimekasirika. Nilikuwa nimekasirika kweli. Lakini niliahirisha jibu pia kwa sababu swali lile halikuwa langu peke yangu. Chef de section, mkuu wa idara yetu hapa institut ya Bukavu, amenipa demande d'explication: nieleze kwa maandishi kwa nini syllabus, kitabu cha kozi yangu ya programu za kompyuta, iko wazi kwenye mtandao, mwanafunzi yeyote anaichukua bila kulipa na hata kuiandika upya, wakati wenzangu wote wanauza za kwao. Jumatatu natakiwa niwe nimeiondoa na nimeomba msamaha. La sivyo, kozi inapewa mwingine. Na wewe, institut ya Goma imekupa kozi hiyohiyo uifundishe, na chef wa kule amekwisha kukupigia simu. Nilimsikia, maana simu yako inapiga kelele kama redio: "Mademoiselle, ukuje na syllabus yako. Huku kila assistant iko na yake ya kuuzisha."

Kwa hiyo uliponiuliza kama niombe pardon, uliniuliza pia wewe ufanye nini huko uendako. Acha nijibu yote mawili pamoja. Jibu langu ni hapana. Ila sikuzaliwa na hiyo hapana, na ningependa ujue nimeitoa wapi.

Mimi nilisoma programu bila kugusa mashine. Professeur wetu alisoma syllabus kwa sauti ya misa, sisi tukaandika. Mtihani ulikuwa wa kalamu. Uliandika programu kwenye karatasi kama ilivyo kwenye syllabus, nukta kwa nukta, na aliyekariri vizuri ndiye aliyeitwa informaticien, mtaalamu wa kompyuta. Nilikuwa wa kwanza wa promotion yangu, darasa zima la mwaka wetu. Ningeweza kukutajia ukurasa mzima huku nachota maji. Mashine yenyewe niliiona kwenye ofisi ya secrétaire, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na hakuna aliyethubutu kuifunua.

Nilipokuwa assistant nilirithi kozi ile pamoja na syllabus yake. Nikafanya alivyofanya kila mtu: niling'oa jalada la zamani, nikaweka langu, jina langu kwa herufi kubwa. Nikauza. Minerval yako, ile karo ya école primaire, ilitoka mle, na viatu vya komunyo yako ya kwanza vilitoka mle. Sijifanyi mtakatifu mbele yako, tena wewe uliyevivaa viatu vile.

Kisha institut ikapata mashine za wanafunzi. Siku ya kuzizindua nilivaa kikwembe cha sikukuu. Auditoire, ukumbi wetu wa kozi, ilijaa hadi madirishani. Nikafungua syllabus kwenye programu maarufu kuliko zote, ile ya kutafuta wastani wa points za wanafunzi, nikaiandika kama ilivyo, nikabonyeza. Ikaanguka: ilikwama katikati, wastani haukutoka.

Nikasoma tena mstari kwa mstari. Kosa nililiona pale pale. Mashine huanza kuhesabu na sifuri, na programu yetu ilianza na moja. Basi ilimruka mwanafunzi wa kwanza, na ilipofika mwisho wa orodha ikaendelea kumtafuta mwingine ambaye hayupo, mwanafunzi fictif, kama wale wafanyakazi fictifs wa serikali wanaolipwa bila kuzaliwa. Kosa hilo lilikuwa limekaa kwenye syllabus tangu enzi za professeur wangu, labda na za professeur wake. Vizazi vya watu vilikuwa vimelikariri vikapata points zote, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiendesha programu yenyewe.

Chef de promotion, kiranja wao, akasimama akaniokoa. "Madame, machine njo iko na shida," alisema. "Syllabus iko sawa."

Auditoire nzima ikaitika kwamba ndiyo, ni machine. Hawakuwa wananidhihaki. Waliamini. Na mimi, niliyekuwa nimeliona kosa kwa macho yangu, nikasema, "Ndiyo, hizi machine ni za occasion, za mtumba." Tukaita fundi. Maskini yule mtu alifuta kila kitu akaweka upya, akafanya kazi mchana kutwa kutibu mgonjwa asiyeumwa. Alipomaliza tukaendesha tena, ikaanguka palepale, na nikamwambia aende, tutaona.

Huko kudanganya sioni kuwa ndiko kosa langu kubwa. Aibu humfanya mtu aseme lolote. Kosa langu kubwa ni lililofuata. Nilirudi nyumbani nikausahihisha ule mstari kimya kimya, na mwaka uliofuata nikatoa syllabus mpya bila kumwambia mtu neno. Nilijiona mjanja. Mtihani ukaja, nikasahihisha kwa kufuata mstari mpya, nikagawa zéro kwa wote walioandika wa zamani.

Ndipo akaja Mapendo, yule msichana wa Miti uliyemjua baadaye, aliyekuwa anavaa koti la baba yake. Hakuwa na uwezo wa kununua syllabus mpya, alisomea ya kaka yake. Aliweka mbele yangu karatasi mbili za mtihani, ya kaka yake na yake, mstari uleule kwenye zote. Akasema taratibu, bila kupandisha sauti: "Madame, grand frère aliandikaka hivi, ukamupa points yote. Mimi naandika vile vile, unanipa zéro. Kenye ilibadilika ni nini, ni machine ao ni Madame?"

Nsimire, nimefundisha miaka mingi na hakuna swali lililonipata namna hiyo. Sikuwa na pa kukimbilia. Nilimwambia ni Madame. Siku ya kozi nikasimama mbele ya promotion nzima nikasema kosa lilikuwa wapi, limekaa tangu lini, na kwamba nililifahamu nikaficha. Nilirudisha points za watu. Nilipomaliza, mmoja nyuma akauliza kama hilo nalo litaulizwa kwenye mtihani.

Nilikuwa nimesikia habari za logiciel libre, programu huria, lakini nilizidharau. Niliposikia "libre" nilifikiri ya bure, na kwetu unajua kitu cha bure mtu anakisemaje: dawa ya bure haiponyeshi, kozi ya bure ni ya wavivu. Baada ya Mapendo nikakaa nikachungulia jinsi watu hao wanavyofanya kazi. Hilo la kutolipa halikunishtua. Kilichonishtua ni kwamba kule hakuna anayesahihisha kimya kimya. Kila badiliko lina jina la aliyelifanya na sababu yake, na lile la zamani halifutwi, linabaki pale na aibu yake ili anayekuja nyuma ajue njia ilipitia wapi. Mficha uchi hazai, tunasema siku zote, halafu tunafundisha tukiwa tumejifunika hadi masikioni.

Basi nikaamua kuiweka syllabus wazi, na kuwaita wanafunzi tuisahihishe pamoja. Hapo ndipo nilipochagua lile neno. Wewe ulikuwa umeingia mwaka wa kwanza, ukikaa nyuma ili usiitwe mtoto wa Madame, na mpaka leo ukitaka kunicheka unalikumbusha. Nilibandika tangazo: Salongo ya syllabus, siku ya posho, saa mbili asubuhi, wote.

Nilidhani neno zuri ni hilo. Kazi ya pamoja, kila mtu mkono wake, kidole kimoja hakivunji chawa. Nikasahau kwamba kwetu salongo ni ile ya kufagia mifereji serikali ikiamuru, na ile ya kudeki darasa ukichelewa shuleni. Jumamosi hiyo, siku ya posho yenyewe, nikafika, nikakuta uwanja umejaa majembe. Wengine walikuja na fagio, wengine na ndoo. Wewe mwanangu ulikuja na torchon ya kudekia. Watatu walituma wadogo zao, kama inavyofanyika kwenye salongo yoyote, na mdogo mmoja akaniuliza syllabus inalimwa upande gani.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini nilipoeleza kwamba ni kazi ya mashine, hakuna points, hakuna adhabu kwa asiyekuja, chef de promotion akakunja uso. "Salongo bila sanction? Nani atarudia kuja?" Nikamwambia sijui. Wakaweka majembe kwenye veranda, wakaingia.

Walirudi. Laiti walioniandikia demande d'explication wangelijua hilo. Siku ya posho baada ya siku ya posho, walirudi bila kulazimishwa, wengine wakipanda vijia vya Kadutu na mvua mgongoni. Courant ya umeme ikikatika waliendelea ubaoni kwa chaki. Mwanzoni walifunika écran ya mashine kwa mkono, kama walivyozoea kufunika karatasi tangu primaire, jirani asichungulie. Niliwapiga vidole kwa utani, nikisema toa mkono, huyu jirani ndiye dawa yako. Niliwaambia wakopie. Neno hilo peke yake liliwatisha. Kopieni, niliwaambia, ila semeni mmekopia kwa nani, na mkiliboresha mrudishe kwa mwenyewe. Chef de section alipopita kwenye mlango akasikia hivyo, na mpaka kesho anasimulia kwamba Maman Assistante anafundisha batoto ya batu kutricher, kuibia mtihani.

Si kila kitu nilikifanya vizuri. Kuna moja nakuomba ulishike kuliko yote, kwa sababu wewe una haraka kama mimi. Kulikuwa na kijana mmoja mpole, anaandika herufi moja halafu anafikiri, nyingine halafu anafikiri. Siku moja uvumilivu ulinishinda. Nilimnyang'anya clavier ya kuandikia, nikamwandikia mstari wake kwa sekunde chache, nikamrudishia nikisema ona, ni rahisi. Hakurudi tena. Wenzake walisema anauza sabuni Kadutu. Nilipanda kumtafuta mara kadhaa, bila kujua nikimkuta nitamwambia nini, na sikumkuta. Mwanafunzi akiwa na mashine, weka mikono yako nyuma ya mgongo. Hata kama unaona kosa lake linacheka, liache limchekee mwenyewe kwanza. Inauma kungoja, na kungoja ndiyo kazi yenyewe.

Sasa nirudi kwa wenzangu, maana sitaki uondoke ukidhani nawachukia. Wana njaa, Nsimire. Mshahara unakuja ukipenda, na siku hizi hata ukija, benki zimefungwa, pa kuupokelea hapajulikani. Syllabus ndiyo inayowapeleka watoto wao shule, kama ilivyokupeleka wewe. Mwanafunzi akisema "kwa Madame fulani tunaipata bure", ni kama nimetia mkono kwenye sahani ya mwenzangu. Hilo nalielewa, na walipokuja kunilalamikia nyumbani niliwapa viti na chai. Lakini mtu anayeuza kosa lake kwa kizazi baada ya kizazi kwa sababu ana njaa, njaa yake ni ya kweli na kosa lake ni la kweli. Moja haliondoi lingine. Waidai serikali mshahara wao, nami nitakwenda pamoja nao, na nitapiga kelele kuliko wao. Wasiudai kwa Mapendo.

Papa yako ananiambia nilegeze. Jana alinyoosha miguu pale kwenye kochi akasema, "Mama Nsimire, andika tu pardon. Pardon haiko na uzito, ni karatasi." Ananipenda, anaogopa kesho tutakula nini, na ana haki ya kuogopa. Nilimjibu kwamba kama haina uzito, kwa nini wanaitaka kwa nguvu hivyo. Akaenda kuangalia kama maji yamerudi.

Nitakwambia nilichowaandikia, ili usije ukakisikia Goma kikiwa kimeongezwa chumvi. Nimewaandikia kwamba siwezi kuiondoa, na si ukaidi. Syllabus ile si yangu tena. Ina majina ya watu waliofika na majembe. Kuna ukurasa ulioandikwa upya na mwanafunzi wa Kindu ambaye sijawahi kumwona uso, na maelezo ya Kiswahili aliyoyaandika Mapendo, ambayo ni bora kuliko Kifaransa changu. Iko kwenye flash za watu mpaka Kavumu na mbali zaidi. Nikisema nimeiondoa nitakuwa nimedanganya kwa mara nyingine, na safari hii hakuna mashine ya kusingizia. Nimeandika kwamba msamaha ninaodaiwa nilishauomba, kwa wanafunzi, siku niliyorudisha points. Nikatia sahihi.

Watanivua kozi. Nakaribia kuwa na hakika. Itaniuma, sitakuficha, kwa sababu naipenda auditoire ile na harufu yake ya vumbi na mandazi. Jumamosi nitafundishia hapa kwenye veranda yetu, na papa yako atalalamika kuhusu viatu vya watu mlangoni, halafu atawachemshia chai. Sitaacha. Wanipe karatasi wanazotaka. Nilifundisha mashine bila mashine, nitafundisha auditoire bila auditoire.

Na wewe? Hapa ndipo ningekuamuru zamani. Leo sikuamuru. Utakuwa mgeni, msichana, assistant mpya kuliko wote, na chef atakuita ofisini afunge mlango aseme kila mtu anauza. Sitakuwapo. Ukiogopa, ogopa, mimi niliogopa hadi nikaita fundi. Ukiona mwaka wa kwanza huwezi bila kuuza, uza. Utakuja Noeli, utakula sahani yako iliyojaa, na sitakuuliza neno mbele ya watu.

Lakini ukiuza, andika ya kwako kuanzia ukurasa wa kwanza. Usichukue hii. Hii usiiwekee jalada lenye jina lako peke yako kama nilivyoiwekea mimi ile ya professeur wangu. Ukifanya hivyo, Nsimire, nitapanda bateau mimi mwenyewe nikuje Goma, na hapo ndipo tutanuniana kweli.

Na ukiiacha wazi, kama moyo wangu unavyotaka mpaka unauma, basi fanya hivi. Isome mbele ya wanafunzi wako kama kitu ambacho hujawahi kukiona. Mle ndani kuna kosa langu. Sijui liko wapi, nimelitafuta nimelikosa, lakini nimeishi vya kutosha kujua kwamba lipo. Likikuangukia mbele ya auditoire nzima, watasimama wakwambie ni mashine. Usikubali. Waambie polepole, waandike, kwamba kosa hili ni la mama yangu, anaitwa Maman Assistante wa Bukavu, na leo tunalisahihisha.

Nitafurahi nikisikia umeniaibisha hivyo.

Mama yako